Mkono Uliofundishwa Kukaa Bure

Makena, mwari wakwa, binti yangu,

Usicheke mwandiko. Hii ni kazi ya mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto haujawahi kukaa darasani. Wa kulia ndio uliosoma mpaka la nane, ukaacha shule kwa hiari yake, ukaja hapa Majengo kupika chapati na ukawa maarufu kuliko wa chifu anayepiga mihuri. Leo umelala juu ya meza kama mgeni aliyeshiba. Nimeuweka juu ya karatasi ili isipeperuke. Kazi hiyo unaiweza vizuri sana.

Umeenda kusukwa nywele, na msusi wako najua ana maneno mengi, kwa hiyo nina muda. Mama yako ameshakupangia sanduku. Ameshakwambia habari ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kwenda Manyatta kumwona cucu, bibi yako, kila ukipata nafasi, manake kutoka hapo chuoni Embu si mbali na mwanamke yule ananuna haraka. Mimi hapo sina la kuongeza. Nataka tuzungumze lile neno ulilolisema jana tukila.

Ulisema, "Baba, mimi siendi. Nitaomba chuo waniwekee nafasi mpaka mwaka ujao. Sitoki hapa mpaka nione mkono huo umeshika mwiko."

Mama yako akaacha kutafuna. Mimi nikaleta mzaha, si unanijua, nikasema, "Basi meno yote yatakung'oka ukiwa hapa hapa." Hukucheka. Ulikuwa umeshauchukua mkono wangu, unavikunja na kuvikunjua vidole kimoja kimoja kama kila jioni, na chakula chako kinapoa.

Nikwambie ukweli ambao sikuweza kuusema nikikutazama. Uliposema huendi, moyo wangu uliruka kwa furaha. Uliruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Halafu nikakutazama, umri wako wote huo umekaa unahesabu vidole vyangu, nikaona kwamba usipoondoka kesho hutaondoka tena. Na mimi nitakusaidia usiondoke. Nitakusaidia kwa ujanja mwingi, maana ujanja ndio kitu pekee ambacho kiharusi hakikunipunguzia.

Wacha kwanza nijisifu kidogo, nikiwa bado nina wino. Wewe uliukuta mkono huu ukiwa na ufalme wake. Watu walikuwa wanakuja kunywa chai kwangu ili wautazame tu. Nilikuwa nageuza chapati kwa vidole vitupu, bila mwiko, huku nimekipa kikaango mgongo, nabishana na mtu wa mlangoni habari za mpira. Huwezi kulipata hilo shuleni. Mkono wa mtu ukigusa moto hurudi wenyewe, hata kabla kichwa hakijapata habari. Kazi hiyo inamalizwa na uti wa mgongo huko chini, kichwa kinaletewa taarifa tu kama mwenye nyumba anayeambiwa mwizi alishafukuzwa. Mimi nilikuwa nimeufundisha wangu usirudi. Nilipoanza kazi uliungua kila siku. Halafu siku moja nikagundua nina muda sijaungua, na sikujua ulijifunza lini.

Unakumbuka siku ile uliyotaka kujua siri? Ulikuwa umerudi kutoka shule na sare yako, ukasimama hapo kando ya unga.

"Baba, ukigeuza unatumia kidole gani kwanza?"

Nikasema, "Mtoto wa shule unashindwa na hiyo? Tazama." Nikatazama na mimi. Nikaanza kufikiria: ni hiki, au hiki? Chapati ikakunjika. Ya pili ikaanguka kwenye makaa. Ya tatu ikaungua huku nimeinua vidole navikagua kama mtu anayetafuta mwiba.

"Kwani hujui?" ukaniuliza.

"Najua! Ondoka hapo, unaniwekea mkosi."

Sikujua. Mkono ulikuwa unajua, mimi nilikuwa naona tu. Siku nzima ile nilipika vibaya, mpaka nilipokusahau wewe na swali lako ndipo ukanirudia. Nilicheka sana wakati ule. Sikuelewa kwamba kitu kinachokaa mwilini namna hiyo, bila kuniambia kinakaa wapi, kinaweza pia kuondoka bila kuniaga.

Kiliondoka asubuhi. Nilidhani nimeulalia. Nikaupiga makofi, nikautukana kwa Kimeru, nikamwambia mama yako auvute. Yeye ndiye aliyeona mdomo wangu umeenda upande. Maneno yangu yakawa uji. Yalirudi baada ya majuma, kwa bahati mbaya, kama mama yako anavyosema. Mguu ukarudi nusu. Mkono ukabaki huko ulikoenda.

Yule dada wa mazoezi pale hospitalini, fizio, yule wa kutoka Mbeere mwenye sauti ya kuita mbuzi, alinieleza vizuri. Alisema nyaya zinazotoka kichwani huvuka. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na damu ilikuwa imekosekana hapo kwenye mtambo. "Lakini mkono wenyewe haujafa, Baba Makena. Nyama ipo, mfupa upo. Ni kichwa kimepoteza njia ya kuufikia. Kinaweza kutafuta njia nyingine, lakini kitaitafuta tu kama kimekosa pa kupita."

Kisha akachukua leso, akanifunga mkono wa kushoto kifuani. Ule mzima! Nikamwambia, "Dada, umekosea mkono."

"Sijakosea. Huu ndio utakaomnyima mwenzake kazi. Kila siku ukiamka, funga huu, tumia ule."

"Nitakulaje?"

"Utamwaga."

"Nikimwaga?"

"Utamwaga tena."

Nilimcheka mpaka nje. Mimi mwenye mkono mzima nijifunge kama kuku wa sokoni! Uliponifunga nyumbani nilikaa nayo kwa adabu. Ukitoka kuchota maji, nilifungua kwa meno. Ukirudi, unanikuta nimefungwa tena, uso wa mtakatifu. Najua ulijua. Fundo la mtu mwenye mkono mmoja halifanani na fundo la mtu mwenye miwili.

Na huo mkono wa kushoto, kwa kuwa mimi ni mimi, ulishika kazi upesi. Kufunga vifungo, kunyoa ndevu, kukanda unga nikiubana kwa kiwiko cha ule uliolala. Majirani wakija nawaonyesha. "Tazama! Tazama huyu!" Wanapiga makofi. Kila walipoupigia makofi ule wa kushoto, kichwa changu kilikuwa kinaandika kwamba wa kulia hauhitajiki. Hakikuandika kwa ubaya. Kichwa hakina ubaya wala wema, kinahifadhi kile unachokirudia. Unarudia kuchapa chapati, kinahifadhi chapati. Nami nikarudia kutoutumia mkono, mamia kwa mamia ya mara, kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nilifuzu. Fizio anasema labda hata ningejifunga ile leso mpaka leo mkono usingerudi wote. Labda. Hilo "labda" ndilo ninalolala nalo, mwanangu, na lina kwato.

Halafu nikarudi kibandani na mkono wangu wa kushoto, natamba. Mteja wa kwanza akawa Mzee Ramadhani, ametoka msikitini, kofia yake nyeupe, anataka chapati mbili na chai. Nikampa chapati kwa kushoto. Akaitazama. Hakuipokea.

"Kirimi mwanangu, niwekee tu hapo mezani."

"Mzee, mkono ni mkono. Huu mwingine umestaafu."

"Najua, najua. Pole. Hukukosa wewe." Akawa anautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Ni huu wangu. Nautuma upokee, unakataa. Nilipokuwa mdogo marehemu baba alikuwa ananichapa nikipokea kitu cha kushoto, nikipeleka cha kushoto. Sasa nina mvi na bado unangoja fimbo. Nisamehe."

Alijaribu tena, kweli, mbele yangu. Mkono ulifika nusu ukasimama. Tukabaki tunaangaliana, mikono yetu miwili imegoma, chapati ikipoa kati yetu. Ndipo wewe ukapita katikati, ukaichukua kwangu, ukampa kwa mkono wako wa kulia. Akapokea mara moja, "Ahsante binti," kama maji yanavyoteremka.

Na wengine vivyo hivyo. Hakuna aliyenitusi. Majengo hawatusi mgonjwa. Walikuwa tu wanangoja wewe upite. Kuanzia hapo ulisimama upande wangu wa kulia kila asubuhi kabla ya shule, na baada ya shule, na shule ilipokwisha siku nzima. Ukawa ndio mkono. Niliacha hata kukuita jina, nilikuwa nanyoosha kushoto tu, nawe unapokea bila kutazama. Tulikuwa wazuri pamoja. Ningetaka kusema sikulifurahia.

Mara mbili nilidhani mkono utarudi. Ya kwanza mtu aliniambia joto huamsha mishipa, nami nikauegemeza pembeni mwa kikaango huku nakoroga ndengu kwa mwingine. Mteja akasema, "Baba Makena, leo mnauza na nyama?" Nikacheka naye. Nikavuta pumzi nami, nikasema ee, nyama hiyo inanukia, inatoka wapi? Wewe ndiye uliyepiga ukelele ukanivuta begani. Mkono niliokuwa nimeufundisha kwa miaka usiogope moto ulikuwa umefuata mafunzo mpaka mwisho. Sikuhisi kitu. Niliona tu uso wako.

Ya pili ndiyo iliyonivunja. Jumapili ile nimeketi mlangoni, nimeshiba, nikapiga mwayo mkubwa. Mkono ukapanda! Ukapanda wenyewe kutoka pajani mpaka kifuani, vidole vikafunguka. Mama yako akaangusha sahani. Mama Zuhura, yule jirani anayeuza mahamri, akaja mbio na kanga moja, akapiga vigelegele mpaka watoto wa plot nzima wakajaa uani. Wewe ulikuwa unalia na kucheka, "Rudia, Baba! Rudia!"

Nikarudia. Nikatuma kila nguvu niliyokuwa nayo. Jasho likanitoka. Hakuna kitu. Mama Zuhura akasema, "Msiuharakishe, umechoka safari." Tukangoja. Nikachoka kwa kungoja, nikapiga mwayo, na mkono ukapanda tena.

Fizio alituambia juma lile, na aliposema alikuwa anatazama dirisha. Mwayo una njia yake, ya zamani, iliyo chini kabisa ya ubongo, haimwulizi mwenyewe. Inaufikia mkono. Mimi ndiye nisiyeufikia. Kuna mlango nyumbani kwangu ambao usingizi una ufunguo wake na mimi sina.

Sasa unanielewa jana nilikuwa nafikiria nini ulipoutaja mwiko mbele yangu. Ningeweza kukudanganya. Usiku huu ningejizuia kulala, kesho asubuhi mwayo ungekuja wenyewe, nawe ungekuwa umeuweka mwiko kiganjani, mkono ungepanda nao, ungepiga kelele, ungechukua sanduku lako na kwenda Embu unaimba. Nilipanga mpaka mahali pa kukaa. Kisha nikakufikiria uko darasani huko, unaandika, unatabasamu kwa ajili ya mkono ambao haupo. Hapana.

Mwiko hautashikwa, Makena. Si kesho wala mwaka ujao. Zamani fizio alikuwa ananiambia, "Tutaurudisha." Siku hizi anasema, "Tuudumishe usikakamae." Nimesoma mpaka la nane tu, lakini tofauti ya maneno hayo mawili naijua. Kila asubuhi kabla sijafungua macho bado nautuma. Nahisi kabisa amri ikitoka, inapita begani, inafika hapo juu ya kiwiko halafu inapotea, kama maji ya mfereji yakipita shamba lenye mchanga. Nilikuwa na tumaini. Nililitafuta leo nikutumie kidogo uende nalo, sikulipata. Nimekutumia ukweli.

Lakini hilo silo linalonifanya nikufukuze. Mkono mmoja nimekwisha kuuzika, ningeishi. Ni kitu nilichokiona juzi.

Nilikuwa nimeketi nje ya kibanda, wewe umetumwa dukani kununua mafuta. Ukatokea ng'ambo ya barabara, peke yako. Ukavuka. Na ulikuwa unatembea polepole, hatua fupi, bega la kushoto limeshuka, kiwiko umekitoa nje kidogo. Nikajiuliza, huyu mtoto ameumia? Halafu nikajua. Ndivyo unavyotembea ukinipeleka kliniki, nikiwa nimekuegemea. Sikuwa nimekuegemea. Nilikuwa nimeketi, nimekunja mguu, nakunywa chai. Lakini mwili wako ulikuwa bado umenibeba.

Nilitaka kukuita nikutanie, nikaweka kikombe chini nikakutazama. Niliona kichwa chako kikiandika vile changu kilivyoandika, kimya kimya, bila kumwuliza mwenyewe. Miaka yako ni ile ya mwili kujifunza upesi. Utajifunza kuwa mkono. Utajifunza uzito wa baba yako vizuri sana, mpaka usiujue kama ni uzito, utadhani ndivyo ulivyoumbwa. Na mimi nitakuwa nakupigia makofi. Nitawaambia watu, tazameni, tazameni binti yangu!

Kwa hiyo sasa sikiliza, na usipige kelele majirani wakasikia. Kibanda si chetu tena. Mchana huu, ukiwa kwa msusi, nimempa Mama Zuhura. Jiko, meza, vikombe, kila kitu. Mama yako anajua. Amelia, kisha amesema biashara yake ya mboga itatutosha tukiacha kula kama wafalme. Mama Zuhura atafungua kesho alfajiri, na ana mikono yake miwili, na dadake. Hawahitaji mtu wa kusimama upande wa kulia. Ukibaki hutakuwa na mahali pa kusimama.

Najua utakasirika. Kasirika ukiwa njiani. Utataka kuja kuniuliza nitafanya nini siku nzima. Sijui. Nitakaa mlangoni. Nitatazama watu wakipita. Sitakudanganya kwamba nina mpango, mtu mwenye mpango hagawi kikaango chake. Wala usiniahidi kwamba utasoma mambo ya ubongo urudi unitibu, nimeona jinsi ulivyokuwa unamtazama fizio. Soma unachokitaka. Kama ni hicho, kisome kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine, aliyefika mapema na asiye mjuaji kama baba yako.

Asubuhi sitakusindikiza stendi. Nikikusindikiza nitakuegemea.

Utakaposhuka Embu, chukua sanduku utembee kwa kasi yako, ile uliyokuwa nayo ulipokuwa ukitutangulia kwenda kanisani tukikuita usubiri. Mwanzoni utayumba kidogo upande wa kushoto. Usishtuke, na usigeuke nyuma kutazama. Ni mwili tu, unatafuta mtu ambaye hayupo hapo.

Ni mimi baba yako, kwa mkono uliobaki,
Kirimi